Solariamu ya jirani yetu Hamburg: pasafi, wana adabu, na sikushauri uende

Kina dada wa hapa Hamburg wameniuliza sana kuhusu lile duka la vitanda vya taa, solariamu, lililo jirani na kituo cha treni upande wa mashariki wa jiji. Jina lake silitaji, kwa sababu mengi nitakayosema yanahusu kila duka la aina hiyo, liwe la barabarani au kile chumba cha pembeni ndani ya jimu. Mimi ni nesi, natunza wazee, mzaliwa wa Tanga. Nilikwenda pale na mdogo wangu mmoja wa Mombasa, udugu wa ugenini, ambaye alishanunua kadi ya dakika na alitaka nikaone kwa macho yangu halafu nimwambie ukweli.

Kwa mlioko nyumbani na hamjawahi kukiona, kitanda cha taa ni sanduku refu lenye mfuniko. Sehemu ya kulalia ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga, chini yake na ndani ya mfuniko imepangwa mirija ya taa mirefu. Mteja anaingia kachumba kake, anafunga mlango, anavua nguo, anavaa vijiwani vya kukinga macho, analala na kujifunika. Taa zinawaka rangi ya buluu, feni inavuma, na kwa dakika kumi hivi mwili mzima unapigwa mionzi ya urujuanimno, ile ile ya jua tunayoiita UV. Wazungu wanafuata rangi: watoke hudhurungi katikati ya Januari, wafanane na mtu aliyetoka likizo. Sisi rangi tunayo. Ndiyo maana nilitaka nijue wenzetu wanafuata nini.

Nianze na yanayostahili sifa, maana yapo. Duka ni safi kuliko zahanati nyingi nilizofanyia kazi. Kitanda kinapigwa dawa na kufutwa kila mteja anapotoka, taulo ni za kufuliwa zenye harufu nzuri, vijiwani vinatolewa bure na unakumbushwa kuvivaa. Bei ni ya kuvutia, dakika moja haifiki euro moja, na ukinunua kadi unapunguziwa. Msichana wa kaunta aliongea nasi polepole kwa Kijerumani cha kueleweka, akatusubiri tusome. Kuna binti wa Kijerumani aliyeingia nyuma yetu, akaombwa kitambulisho, akaonekana hajafika miaka 18, akarudishwa mlangoni. Tangu 2009 sheria ya Ujerumani inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kutumia vitanda hivi, na pale wanaifuata. Kwa hilo nawapongeza kwa moyo wote, maana ngozi changa ndiyo inayoumia zaidi.

Kabla ya kulala kuna fomu. Kanuni zilizoanza 2012 zinataka mfanyakazi aliyesomea kazi hiyo akuulize maswali: je, unaungua juani haraka, una madoa mengi mwilini, kuna mtu wa familia aliyepata saratani ya ngozi, unatumia dawa gani. Halafu anakuweka kwenye moja ya aina sita za ngozi. Utaratibu huo ulianzishwa na daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975, na ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Aina ya kwanza ni mweupe anayeungua siku zote, aina ya sita ni sisi. Aina ya kwanza na ya pili wanashauriwa wasitumie kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Msichana alitutazama, akaandika sita, akatabasamu: "Nyinyi hamna wasiwasi, ngozi yenu inajikinga yenyewe." Mdogo wangu akanigeukia na uso wa kushinda: "Umesikia, dada?"

Nimesikia. Na ni kweli nusu. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, inazuia sehemu kubwa ya mionzi, na saratani za ngozi zinazoletwa na jua kwetu ni chache mno kuliko kwa weupe. Lakini kupunguza si kuzuia. Mionzi inayopita inaharibu nyuzi zinazoshika ngozi isilegee, inadhoofisha kinga ya mwili ya hapo kwenye ngozi, na machoni inachangia mtoto wa jicho. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa na ushahidi usoni. Tangu alipojifungua ana vile vidoa vya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, vinavyowapata wanawake wengi wa rangi yetu. Mionzi ya UV huvikoleza, na vyake vilikuwa vimekolea tangu alipoanza kwenda. Alidhani ni sabuni.

Sasa vitamini D, maana hiyo ndiyo sababu kubwa wanayoitoa wenzetu, na ni sababu ya haki. Hapa Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni, likiwa limeinama hata halikupi joto la maana. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la latitudo hii halina nguvu ya kutosha kuifanya ngozi itengeneze vitamini D, na sisi wenye melanini nyingi tunahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko Mjerumani. Ongeza baibui, koti, na zamu za usiku. Wengi wetu tuna upungufu kweli. Nimeona majibu ya maabara ya wenzangu, na maumivu ya mifupa yao nimeyasikia.

Ila tuangalie kile kitanda kinatoa nini. Mionzi ya UV inayotufikia kutoka kwenye jua ni ya aina mbili. UVB, yenye mawimbi mafupi, ndiyo inayounguza na ndiyo inayotengeneza vitamini D. UVA ina mawimbi marefu, inazama ndani zaidi ya ngozi, inakoleza rangi na kuzeesha, na vitamini D haitengenezi. Taa za solariamu nyingi zinatoa UVA kwa wingi na UVB kidogo tu, kwa kuwa mteja wao wa kawaida anataka kupata rangi bila kuungua. Kwa hiyo dada wa Kitanzania anayelala pale kwa ajili ya vitamini D analipia hasa ule mwanga usiomletea anachotaka, kisha anachukua madhara yake yote. Ofisi ya serikali ya Ujerumani inayoshughulika na kinga dhidi ya mionzi inasema wazi kwamba solariamu isitumike kutafuta vitamini D.

Tena mlango wa pili ni rahisi hivi kwamba nasikitika kuona watu wanaupita. Chama cha lishe cha Ujerumani kinapendekeza maikrogramu 20 kwa siku, ambazo ni yuniti 800, kwa mtu ambaye ngozi yake haitengenezi vya kutosha. Vidonge vya kiasi hicho unavikuta kwenye duka lolote la vipodozi na madawa madogomadogo, pakiti ya miezi kadhaa kwa bei ya kulala kitandani mara moja. Kama una maumivu ya mifupa, udhaifu wa misuli, au una mimba, mwambie daktari wako wa familia akupime damu kwanza, akupe dozi inayokufaa. Na usijiongezee ukadhani vingi ni vizuri: vitamini D ya kupindukia inapandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.

Sababu ya pili ni unyonge wa baridi. Hili silidharau hata kidogo. Nimeona mwanamke hodari aliyelea watoto wanne peke yake akishindwa kuinuka kitandani Februari. Ugonjwa huo upo, una jina hospitalini, na una tiba ya mwanga iliyothibitishwa. Tiba yenyewe ni taa nyeupe kali ya luksi 10,000 (kipimo cha ukali wa mwanga), iliyochujwa isitoe UV, unayokaa mbele yake asubuhi kama nusu saa huku unakunywa chai. Inafanya kazi kupitia macho: mwanga unaingia, ubongo unajua kumekucha. Kwenye solariamu macho lazima yafumbwe na kufunikwa, la sivyo yataungua. Basi mwanga ule utaufikiaje ubongo? Raha anayoipata mtu akitoka pale inatokana na joto na kupumzika, na watafiti wa Marekani wameona pia kwamba UV inaifanya ngozi itoe endofini, kemikali za mwili za kuleta raha, ndiyo maana wapo wasioweza kuacha. Joto unaweza kulipata kwenye sauna, na baadhi ya mabwawa ya kuogelea ya jiji hili yanayo.

Kuna jambo hapa wauguzi tunalijua na kaunta haikulitaja. Watu wenye unyonge wa baridi hununua vidonge vya mmea unaoitwa Johanniskraut, bila cheti cha daktari, wakijua ni mitishamba tu. Mmea huo unaifanya ngozi ishtuke na mwanga. Vivyo hivyo doksisaiklini, ambayo wengi wetu tunapewa kuzuia malaria tukienda nyumbani na tunatakiwa kuendelea nayo wiki nne baada ya kurudi. Vivyo hivyo haidroklorothiazaidi ya presha, ambayo tangu 2018 madaktari wa Ulaya wameonywa kwamba ikitumiwa miaka mingi inaongeza hatari ya aina fulani za saratani ya ngozi. Fomu iliuliza kuhusu dawa, mdogo wangu akajibu hana. Nikamuuliza kwa Kiswahili: "Na ile ya malaria uliyokuja nayo kutoka Mombasa?" Akasema, "Ah, dada, ile nayo dawa? Ile ni kinga." Angelala pale na doksisaiklini mwilini, angetoka na malengelenge. Swali la fomu lilikuwa sahihi, lakini halikuelezwa, na kwenye duka linalouza kwa dakika hakuna anayepata faida kwa kulieleza.

Wapo pia wanaotaka "kusawazisha" rangi iliyoharibiwa na mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua. Nitalisema hili kwa upole, kwa kuwa najua aibu iliyomo. Ukijipaka mkorogo kwa miaka, dawa zilizomo zimekuumiza: haidrokwinoni imepunguza melanini yako na steroidi imeifanya ngozi kuwa nyembamba. Ile ngao ambayo msichana wa kaunta aliisifia huna tena, au unayo mabakimabaki. Fomu inakuandika aina ya tano au ya sita kwa kukuangalia uso, huku ngozi imeshaachwa wazi. Ukiingia chini ya taa hizo hali ya vifundo na mashavu itazidi kuharibika. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie ukweli wote na umpelekee kopo lenyewe, hatakucheka.

Kuhusu nguvu ya taa zenyewe, kibandiko ukutani kinasema mashine inafuata kikomo cha wati 0.3 kwa kila mita ya mraba, kipimo cha uwezo wa kuunguza ngozi. Watu wanasoma neno "kikomo" wanatulia. Kiwango hicho ni sawa na jua la ikweta la saa sita mchana, mbingu ikiwa haina wingu. Kwetu pwani jua hilo kila mtu analikimbia: mvuvi ameshavuta ngalawa kivulini, wauza mihogo wamesogea chini ya mwembe, mama anamwita mtoto ndani. Hapa watu wanalipa walale uchi ndani yake, juu na chini kwa wakati mmoja.

Na saratani. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vitanda vya taa kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa tumbaku na asbesto. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliotoka 2012 ulikuta kwamba aliyeanza kutumia kabla ya miaka 35 hatari yake ya melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, inapanda kwa asilimia 59, na kwamba Ulaya Magharibi peke yake zaidi ya wagonjwa 3,400 wa melanoma kila mwaka wanaweza kuhusishwa na vitanda hivi. Takwimu hizo ni za watu weupe zaidi, na kwetu hatari ni ndogo. Sitaki kumtisha mtu kwa hesabu isiyo yake. Lakini wengi wetu tuna watoto wa damu mchanganyiko waliozaliwa huku, weupe kuliko sisi, wanaokua wakisikia mama anakwenda solariamu na hajapata neno. Wakifika miaka 18 wataingia wenyewe. Brazili ilipiga marufuku biashara hii mwaka 2009. Australia, nchi inayoumizwa sana na saratani ya ngozi, imeifunga katika majimbo yake yote, na kilichowasukuma kwa kiasi kikubwa ni msichana Clare Oliver, aliyefariki kwa melanoma mwaka 2007 akiwa na miaka 26, baada ya kutumia siku zake za mwisho kuwaonya wenzake.

Mimi kazini naiona saratani nyingine, ile isiyoua haraka. Wazee ninaowaogesha wana makovu puani, masikioni, kipajini, mahali palipokatwa na kukatwa tena. Hao ni kizazi cha likizo za jua kwenye kisiwa cha Mallorca, Hispania, na cha solariamu zilipoanza kuenea hapa Ujerumani miaka ya 1970. Kidonda kidogo cha kung'aa kisichopona, kinachotoka damu kila taulo ikigusa, ndicho kinachowapeleka hospitali. Nafunga bandeji hizo. Mama mmoja amepoteza ncha ya sikio, na bado ananiambia zile zilikuwa siku zake nzuri alipokuwa na rangi. Nampenda yule mama, na siwezi kumsikia mtu akiniambia kwamba taa hizi ni urembo tu.

Wenye ualbino nisiwasahau, maana tunao hata hapa Ujerumani. Kwao hakuna mjadala wa dakika ngapi. Tanzania tunajua saratani ya ngozi inavyowaondoa wakiwa vijana, na ndiyo maana pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, yamekuwa yakitengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili yao. Ukimwona kijana mwenye ualbino anasindikizwa na marafiki solariamu kwa mzaha, mtoe hapo.

Kitu kimoja watu huchanganya: hospitalini pia kuna mionzi ya UV ya tiba. Mwenye soriasi (ugonjwa wa ngozi yenye magamba) au balanga anaweza kuandikiwa na daktari wa ngozi, na taa zake nyingi ni za UVB ya nanomita 311, dozi inaanzia chini na kupandishwa kwa kumbukumbu za kila mara. Nimemsikia mtu akisema, "Hospitali foleni ndefu, nitajitibu solariamu." Taa hazifanani na dozi hazifanani. Subiri foleni.

Basi nyota zangu. Kwa usafi na adabu ningewapa nne. Kwa kile wanachokiuza ninawapa moja, na hiyo moja ni kwa kumrudisha yule binti mlangoni. Mdogo wangu hakulala siku ile. Aliomba pesa za dakika zilizobaki, na msichana wa kaunta akamrudishia bila kuuliza sababu. Nalo niliseme, ni haki yao kusifiwa. Tulitoka tukaingia duka la ng'ambo ya barabara akanunua vidonge vyake, na kwa vile vidoa vya usoni nikamchagulia mafuta ya kukinga jua yasiyoacha weupe kwenye ngozi nyeusi. Soma nyuma ya chupa utafute yale yenye rangi ndani yake, yanafaa zaidi kwa vidoa kwa sababu yanazuia hata mwanga wa kawaida.

Kama umeshatumia solariamu, acha, kisha jichunguze. Mwenye bima ya afya ya kawaida hapa Ujerumani, akifikisha miaka 35, ana haki ya kuchunguzwa ngozi yote bure kila baada ya miaka miwili, na wengi wetu hatuitumii kwa kuamini saratani ya ngozi ni ya Wazungu. Melanoma inapompata mtu mweusi mara nyingi hujitokeza nyayoni, viganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki, na hugunduliwa imechelewa. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwa hiyo siku ya miadi vua hata soksi na umwombe daktari aangalie nyayo na kila ukucha. Msiende baada ya harusi: hina na piko zikiwa bado zimekolea, daktari hataona kitu. Ngojeni zififie kwanza, na rangi ya kucha futeni usiku wa kuamkia siku hiyo.